Kijiko cha Mkunde

Mkunde aliweka mezani chupa ya bia aliyoipika ili aiuze, akaifungua mwenyewe na kumimina kwenye bilauri. Bia ilitoka nyeusi tii, na harufu ya kahawa iliyokaangwa ikawafikia hata wacheza karata kule mlangoni.

"Haya, onja," alisema Mzee Temba, mwenye baa. "Hapa mpishi hutangulia. Asipoonja yeye, hanywi mtu."

Mkunde aliijua desturi hiyo. Lakini ilikuwa miaka minane tangu aache pombe, na aliiacha kwa shida. Akatoa mfukoni kijiko alichokuwa akionjea kahawa alipofanya kazi kiwandani. Akachota, akafyonza kwa sauti, akaizungusha bia mdomoni. Uchungu wa kahawa ulitangulia, kisha ukaja utamu kama wa sukari guru. Koo lake likaitaka. Akainama, akatema kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza.

Baa nzima ikaangua kicheko. Temba hakucheka.

"We mama, unatema pombe yako mwenyewe? Umeweka nini humo?"

"Kahawa na shayiri, Mzee. Kiwandani tulionja hivi hivi, vikombe mia kwa siku, tukatema vyote, na watu wakanunua. Mimi sinywi tena. Napika."

Temba aliitazama ndoo, kisha akamtazama yeye. "Hiyo ni chupa moja. Nyingine nitajuaje?"

Mkunde alilivuta karibu kreti alilokuja nalo. Zilibaki chupa kumi na moja. Akakishika tena kijiko, safari hii kwa mikono miwili.

"Fungua zote," alisema.