Mlima Umeonekana Kutoka Wapi

"Usinifokee, Baba Hanifa. Nimekuuliza tu, ulisimama wapi?" Rukia akamwambia mumewe Kombo.

"Nimepiga picha ya mlima mimi. Unamwona mwanamke hapo?"

"Simwoni. Ila wapiga picha wenzako wote wanarusha mitandaoni, wewe unajifungia kwenye tovuti yako asikoingia mtu."

"Kule picha zinapita tu. Huku zinakaa," Kombo akasema.

Rukia akamgeuzia kompyuta. "Ukiwa chini, mnara wa msikiti unaukata huu mlima. Hapa mnara uko chini yako, na ukungu wa alfajiri bado upo. Ghorofa ndefu hivyo mjini ni moja, ya yule mjane Saumu. Na mimi uliniaga unalala porini."

Kombo akaivuta kompyuta, akaifuta kwenye tovuti ile picha moja tu, akabeba kamera, akatoka, akafunga mlango.