Kioo cha Mlango wa Nyuma

Mazoea yana taabu. Miezi mitatu kioo cha mlango wa nyuma wa gari kilipanda kwa mwendo wa kinyonga, na mama akazoea. Kwanza anabonyeza swichi iliyo upande wa dereva, ndipo anamwambia binti yake, "Ingiza kichwa, kioo kinakuja." Mtoto wa miaka minne akapata nafasi hata ya kuwaaga kuku wa njiani.

Leo fundi aliufungua mlango ule. Fyuzi nzima, nyaya ziko sawa. Mota ndiyo iliyochoka, na mipira kinamopita kioo ilikuwa imeshiba vumbi. Akaisafisha, akafunga mota nyingine.

"Mama, hiki si kile kizee chako," alisema akifuta mikono. "Ukigusa tu, kinaruka. Na kikikuta kitu hakirudi nyuma, uwe macho."

"Ndicho ninachotaka, fundi. Mvua ilikuwa inatuogesha humu ndani."

Akawasha gari. Nyuma, mtoto alisimama juu ya kiti, kidevu kwenye ukingo wa dirisha, akamtolea fundi ulimi. Fundi naye akamtolea wake.

Matone ya kwanza yakagonga kioo cha mbele. Mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye swichi, kama siku zote. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Ingiza kichwa, mwanangu," alisema, na kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Fundi alitupa spana, akakimbia. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua sita.