Kitanda cha Mama

"Mzee, hicho kitanda cha mama, mguu mmoja mfupi. Nikiusukuma tu, kwisha habari yako!" alicheka msichana aliyeleta cherehani. Walikuwa wakicheza sataranji huku mafuta yakilainisha kutu.

Fundi aliutazama ubao. Askari wake wanne walikuwa wamejipanga ubaoni, watatu sawasawa, mmoja nyuma kidogo. Vitabuni mpango huo una jina jingine. Hili la kitanda cha mama walilibuni yeye na kaka yake utotoni, wakicheza kando ya kitanda kibovu cha mama yao, na hawakumfundisha mtu. Kisha kaka alikwenda kutafuta kazi, asirudi. Nyumbani walimlia bila kuona kaburi.

Kete ilimponyoka, ikabiringika chini ya meza.

"Jina hilo umelipata wapi, mwanangu?"

"Kwa baba. Mbona umenikodolea macho? Kubali tu umepigwa."

"Baba yako… yuko wapi?"

"Si huyo nje, anafunga baiskeli. Amekuja kunibebea mashine."

Fundi aligeukia mlangoni. Mama yao alikata roho akimwita mtu huyo.

Mlango ulisukumwa.

"Hodi, fundi," ilisema sauti ya marehemu.