Ukurasa wa Mwisho

Mama Mwamini, muuza kalanga, alikwisha kukunja ukurasa wa mwisho wa kitabu cha marehemu mke wangu kuwa kifuko, akakijaza kalanga za moto, halafu mkono wake ukasimama.

"Tata, hapa kuna maandishi ya penseli."

"Funga tu, mama. Mi nilikuletea karatasi ya kufungia kalanga."

Kilikuwa kitabu cha kufundisha hisa, ni kusema namna ya kununua kipande cha kampuni. Mke wangu alikisoma kila siku hapa Musonoi, na mi nikamcheka. Wakubwa waliuzia watu wa mbali kilima chetu cha madini, wakatuachia vumbi na nyumba zenye nyufa.

"Wanauza kwa vipande," alinijibu. "Siku moja na sisi tutanunua kimoja."

Akafa na ugonjwa wa kifua, wakubwa wakingali wanaahidi dawa.

Mama Mwamini aligeuza kile kifuko. "Ni majina ya bitabu, bya kusoma kwa mwenye kuanza. Marehemu bibi yako alikata na mstari byote alibyosoma, akaacha kimoja. Anaandika: 'Hiki ni cha bwana yangu. Kiko na mapicha mingi, na kichwa yake ni ngumu.'"

Akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Na mi nikacheka, mara ya kwanza tangu kilio.

Nikamwaga kalanga ndani ya kofia, nikanyoosha karatasi juu ya paja. Mafuta yalianza kuingia, lakini penseli ilishika.

"Mama, nionyeshe jina ya kile kitabu. Usinisomee. Nionyeshe tu na kidole, nitasoma mi mwenyewe."