Kobe na Taka za Kilimani

Katika mji wa viwanda, Kobe aliongoza chama cha kusafisha mto. Yeye na wenzake waliopoa taka, wakazirundika juu ya kilima, mbali na macho yao. Chini ya kilima waliishi panya, lakini Kobe hakuwahi kuzungumza nao. "Wale hawajali," alisema.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, aliukuta mto umejaa taka tena. Akaenda mtaani kwa panya kukaripia. Akamkuta Mama Buku na jirani zake wakikokota tairi kuelekea mtoni.

"Kwa nini mnauchafua mto?"

"Tukazitupe wapi taka hizi, mzee? Kila mvua ikinyesha, wasio na haya wanatumiminia uchafu kutoka kilimani. Leo umemfukia kitinda mimba wangu."

Kobe akalitazama lile tairi. Jana alikuwa amelipandisha kilimani mwenyewe.

"Wasio na haya ni sisi," akasema.

Mama Buku akaliachia tairi. "Ungalikuja kutujua mapema," akasema, "mwanangu angalikuwa hai."

Kesho yake Kobe alirudi na chama chake kizima. Hawakugusa taka yoyote. Waliketi matangani na panya, wakawasikiliza.