Siku Tisini za Trei Tupu

"Sifuri," alisema karani wa masjala, akagonga muhuri kwenye daftari kama mtu anayeua mende.

Ilikuwa siku ya themanini na tisa. Kesho yake saa sita mchana hesabu ingefungwa, na Bi Kale angelazimika kufuta kwa mkono wake kazi aliyoilea miaka kumi na minne.

Jina la Bi Kale alipachikwa na wenzake kwa utani, ingawa mvi zake bado zilihesabika. Alikuwa mlezi wa draiva, vile vijiprogramu vya ndani kabisa ya mfumo vinavyoiwezesha kompyuta kuelewana na vifaa vilivyochomekwa. Vifaa vipya vilidai njia mpya ya kuongea. Akaijenga, tena nzuri, ya haraka. Ila ile ya zamani hakuigusa. Aliiacha palepale, kando ya mpya, ili kifaa cha miaka ishirini kiendelee na kazi bila mwenyewe kujua kwamba kuna kilichobadilika.

Mkuu wa idara hakupendezwa. Njia mbili ni kazi mara mbili, alisema, na mshika mbili moja humponyoka.

"Nionyeshe mtu mmoja tu anayeitumia hiyo ya zamani," alimwambia mbele ya idara nzima.

"Wapo, mkuu. Zahanati zenye mizani za siku nyingi. Wenye maduka. Watu wasiojua hata draiva ni kitu gani. Hao hawawezi kuja kwenye mkutano wako kunyoosha mkono."

"Basi na waandike."

Wakaafikiana hivyo. Njia ya zamani iliondolewa kwenye toleo la majaribio, na kila aliyelipokea akaelekezwa pa kulalamikia, kwa siku tisini. Barua moja tu ikija, njia inabaki. Isipokuja, Bi Kale anaifuta, na kiti cha ulezi anakirudisha. Sharti la kiti alilitia yeye mwenyewe, kwa hasira, na hakulijutia.

Malalamiko ya idara ile yalikuwa na utaratibu wake. Mkuu wa kwanza, aliyekwisha kustaafu, aliamini kwamba barua ya kwenye skrini hufutwa kwa kidole kimoja, lakini karatasi humkodolea mtu macho mpaka aisome. Kwa hiyo koridoni, nje ya masjala, kulikaa kompyuta isiyo na skrini wala kibodi, imeunganishwa na mashine ya kuchapa. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za watu na kuzichapa, zikaanguka kwenye trei. Karani alizihesabu kila asubuhi. Wakuu watatu walipita baadaye na hakuna aliyethubutu kuugusa utaratibu huo.

Na trei ilikuwa tupu.

Mwezi wa kwanza Bi Kale alisema watu hawajapakua bado. Wa pili akasema waungwana huvumilia. Wa tatu alianza kuogopa, na hofu ikamzidishia ukaidi.

Jioni ile mkuu alipita mezani kwake. Hakuja kumcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Dada, yaishe. Hata sisi wenyewe, mashine zote za jengo hili zilipewa toleo la majaribio siku ya kwanza. Umemsikia nani akipiga kelele? Kimya nacho ni jibu."

"Aliyekabwa koo naye hukaa kimya, mkuu."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ndicho mlichoniajiria."

Siku ya tisini, saa sita kasorobo, wote watatu walikuwa koridoni. Karani ameshika muhuri. Mkuu amebeba fomu ya kufutia, imeshajazwa, imebaki sahihi tu. Bi Kale alikuja na kompyuta yake ya mkononi, akaketi sakafuni mbele yao bila kuomba radhi, akaanza kuandika.

"Unafanya nini?"

"Nalalamika." Akasoma kwa sauti: "Mimi ni mtumiaji wa njia ya zamani. Sikubali iondolewe, na atakayeiondoa ajue kuna mtu alikataa."

"Hiyo ni hila!"

"Kwenye mapatano tuliandika barua moja. Hatukuandika ya nani."

Mkuu alimgeukia karani. Karani alifunua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari, akakiri kwamba ni kweli, haikuandikwa. Mkuu akaguna, kisha akacheka bila kutaka.

"Haya, tuma. Ikishaanguka tutabishana kama ni halali."

Bi Kale akatuma. Wakaigeukia trei.

Dakika moja ikapita. Ikapita ya pili.

"Umetuma kweli?" mkuu aliuliza.

Alimgeuzia skrini. Imepokelewa, iliandikwa, na saa yake.

Ya tatu. Taa ya kijani ya mashine ya kuchapa iliwaka vizuri, na karatasi zilikuwemo tele. Karani aliipapasa ubavuni, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

"Hii ina umri gani?" Bi Kale aliuliza taratibu.

"Miaka ishirini na miwili," karani alijibu kwa fahari. "Haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Bi Kale alinyanyuka. Aliingia masjala, akang'oa skrini mezani kwa karani bila kumwomba ruhusa, akarudi nayo koridoni ameikumbatia, waya wake ukiburuta sakafuni. Akaichomeka nyuma ya ile kompyuta. Mkuu aliinama begani kwake, fomu mkononi, nao wakasoma pamoja:

*Mashine ya kuchapa haitambuliki. Barua 1,207 zinasubiri.*