Gari la Viti Viwili

Mama mkwe alikuwa akingoja kando ya barabara pale Kitale, kuku kwapani, tayari kwenda Bungoma kumwona mjukuu aliyezaliwa juzi kwa mwanawe mwingine. Alisikia mkwe amenunua gari, akajua atakaa nyuma.

Gari halikuwa na nyuma.

Mkwe wake, Wakoli, alishuka upesi, akasimama mbali, macho chini. Tangu Nairobi alikuwa akiendesha na mkewe ubavuni, akijiona mfalme. Sasa alitamani kupotea. Kwa Wabukusu, mkwe haketi bega kwa bega na mama wa mkewe.

"Mwambie mkwe wangu gari ni maridadi," mama alimwambia bintiye, kana kwamba Wakoli hakuwepo. "Mimi nitaenda siku nyingine." Kiganja chake, kigumu kwa jembe, kiliupapasa mlango mwekundu polepole, kama mtu anayepapasa ndama.

Wakoli akamrushia mkewe ufunguo.

"Na wewe je?"

"Si nitafika tu, bana. Mpeleke mama."

Injini ikanguruma. Wakoli hakuwahi kuliona gari lake likienda, yeye akiwa nje. Likateleza kati ya mashamba ya mahindi, likajilaza kwenye kona. Lo!

Kabla halijapotea, mkono mgumu ukatoka dirishani, ukampungia.